Hiyo Friji Inalalanga

Senge wangu mpendwa,

Jumanne iliyopita niliingia ofisini kwa mkuu wetu wa maabara, mara ya tatu sasa, kumwomba abadilishe sentensi moja katika ripoti ya mwaka jana. Hakunikaribisha kiti. Aliniambia ripoti ikishapokelewa imepokelewa, na kwamba faili ilishafungwa. Kisha akashusha sauti kama mtu anayenifariji, akasema marehemu haumii tena. Nilitoka bila kuaga.

Kwa hiyo nakuandikia wewe, na nakuandikia hapa mbele ya watu, kwa sababu sentensi yenyewe iliandikwa mbele ya watu. Wapo watakaosoma bila kukujua. Wewe ni Nafula, dada ya baba yangu, ndiyo maana nakuita Senge, kama watu wetu wa Bungoma wanavyomwita shangazi. Uliosha vyombo vya kioo katika maabara yetu hapa Kitale tangu mimi nikiwa sijui kusoma. Tulikuzika mwezi wa nne.

Kitu cha kwanza ninachokikumbuka kwako ni harufu. Ulikuwa ukija nyumbani Bungoma mwisho wa mwezi, mama anakuletea maji ya kunawa, na hata baada ya kunawa mikono yako ilibaki inanuka spiriti. Nilidhani wewe ni mtu wa sindano, nikawa najificha nyuma ya ghala. Siku moja ulinikamata, ukanifungua kiganja, ukanipa suke la ngano. Kwetu tulijua mahindi, wimbi na miwa. Ulisema, "Huu ndio mkate." Nilikataa katakata. Ulicheka mpaka baba akatoka nje kuuliza kuna nini.

Miaka ikapita, nikaenda chuo, na nilipotumwa mazoezini nikajikuta katika maabara hiyo hiyo. Nililala kwako Kiminini, kwenye kile chumba nyuma ya kinu cha posho ambacho kila asubuhi dirisha lake lilikuwa na vumbi jeupe la unga. Ulikuwa unapika mboga ya murere, unanitengea, halafu unaniuliza nimefundishwa nini mchana. Mara nyingi nilikuwa sijafundishwa kitu. Wenye vyeo walikuwa na haraka. Aliyenifundisha kazi ni wewe, mtu ambaye kwenye karatasi za ofisi aliandikwa mhudumu.

Kazi yenyewe nilipoielewa niliiona kama uchawi. Suke la ngano, kabla halijachanua, lina vifuko vidogo vya chavua, vitatu katika kila ua. Ukivitoa kwa wakati wake na kuviweka juu ya jeli yenye chakula, chavua inaweza kusahau kwamba ilizaliwa kuwa chavua. Inaanza kukua, inakuwa kidonge cha njano, na kidonge kikikubali kinatoa jani, kisha mzizi, kisha mche mzima. Mche huo umetoka upande mmoja tu wa uzazi, kwa hiyo ukiukuza vizuri na kuuongezea urithi wake mara mbili, mbegu zake zinazaa zile zile, hazigeukigeuki. Mbegu ambayo ingekuchukua misimu mingi kuituliza unaipata kwa miwili au mitatu. Kwa mkulima ambaye kutu ya ngano imemlia shamba akitazama, hiyo ni tofauti ya kuendelea kulima au kuacha.

Wewe hukuwahi kuieleza hivyo. Ulinisimamisha mbele ya mimea, ukaniambia nibane shina kwa vidole viwili, pale suke lilipokuwa bado limejificha ndani.

"Unasikia?"

"Nasikia kitu kigumu."

"Hiyo imepita. Tafuta ile inasikika kama iko lakini haitaki kuonekana."

Tulikata masuke sita uliyoyachagua kwa vidole. Mtaalamu aliyekuwa akinisimamia aliyapima kwenye hadubini, na matano yalikuwa katika hatua ile ile tuliyoitaka. Sita yangu niliyoyachagua kwa kufuata kitabu, moja tu. Wewe ulikuwa umesharudi kwenye sinki.

Ulinifundisha pia kutoa vifuko bila kuviumiza. "Usivute. Ukivuta inajua imeuawa." Ulinionyesha rangi: kijani cha maji ndiyo, kijani kilichoanza kuingia njano umechelewa, njano kabisa wape kuku. Na siku walipoacha kutumia sukari ya kawaida kwenye jeli wakaleta sukari ya kimea, kwa sababu ngano huistahimili zaidi, ulisimama na chupa mkononi ukaniuliza kama ni kimea kile cha pombe ya busaa. Nikasema ni ndugu yake. Ulisema, "Basi hata ngano ya wazungu inataka busaa ndio izae," na siku nzima ulikuwa unacheka peke yako kwenye sinki.

Nakumbuka haya na nakasirika, Senge. Nakasirika kwa sababu nilikuwa nayajua yote haya siku nilipokuandika vile.

Nilirudi Kitale nikiwa na digrii ya pili na mradi wangu mwenyewe wa ngano ya kupambana na kutu. Wewe ulikuwa bado pale. Mbele ya watu ulianza kuniita Daktari, ingawa sikuwa daktari wa kitu chochote, na nilikukataza mara mbili kisha nikaacha kukukataza. Nadhani nilianza kulipenda jina. Kiminini sikuja tena kulala. Nilikuwa na nyumba yangu mjini, na nilikuwa na kazi nyingi, na ni rahisi sana kutomtembelea mtu unayemwona kila siku akisukuma toroli la visahani vya kioo vya kuoteshea.

Halafu miche ikaanza kutoka myeupe.

Watu wa nje hawaelewi jambo hili linavyoumiza. Unangoja wiki baada ya wiki. Asubuhi moja unafungua chumba cha taa, unaona kwenye visahani vyako vidonge vimechipua, moyo unaruka, unasogea karibu, na majani ni meupe kama uzi. Yamesimama vizuri, yana umbo, yana mizizi, lakini hayana kijani hata chembe. Mmea usio na kijani hauwezi kujilisha. Utaishi siku za jeli yake tu, ukiupeleka kwenye udongo unalala. Kila mtu anayefanya kazi hii na nafaka anajua weupe huo upo, lakini wengine wanapata miche myeupe michache, mimi nilipata karibu yote. Na visahani ambavyo havikutoa weupe vilitoa ukungu.

Nilibadilisha kila kitu nilichosoma. Nilibadilisha aina ya ngano, kwa maana aina nyingine zinakubali na nyingine hazikubali hata uzibembeleze vipi. Nilibadilisha homoni kwenye jeli, nikapunguza, nikaongeza. Nilihamisha visahani gizani, nikavirudisha kwenye taa. Niliomba masuke kutoka shamba la mkulima mmoja Moi's Bridge kwa sababu mimea yetu ya bandani ilikuwa imekonda, na mmea mama ukiwa na shida vifuko vyake vina shida. Yale ya Moi's Bridge yalikuwa manene, mazuri. Yakatoa miche myeupe minene, mizuri. Kila jaribio lilikula msimu mzima. Mkuu aliacha kuniuliza habari za mradi akaanza kuniuliza tarehe.

Ni wakati huo uliponijia. Ilikuwa Jumatatu, saa mbili na nusu, nilikuwa nimeinamia visahani vilivyooza. Ulikuwa na kitambaa kilicholowa mkononi.

"Daktari. Hiyo friji inalalanga."

Nilijua friji unayosema. Masuke yakishakatwa hufungwa kwenye karatasi yenye unyevu na kuwekwa kwenye baridi siku kumi kabla ya kutoa vifuko. Baridi hiyo ndiyo inayoifanya chavua ibadilishe nia. Bila hiyo baridi, au ikija na kuondoka, haibadilishi kitu, au inabadilika vibaya. Nilikuwa nimewaeleza wanafunzi jambo hilo mara nyingi.

"Inalala vipi?" nilikuuliza bila kuinua kichwa.

"Kila Jumatatu napangusa maji chini yake. Inayeyuka halafu inaganda."

"Kipimo chake kinasoma nyuzi nne, Senge. Nimekiangalia sasa hivi."

"Hiyo nne ni ya saa hii. Jumapili ulikuwanga hapa?"

Nilikasirika. Sijui kama uliona. Nilikuwa nimechoka, na mtu ambaye kazi yake ni kuosha vyombo alikuwa ananiuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. Ulisema, "Muulize mzee wa langoni," na nilikukata kauli. Nilisema, nakumbuka maneno yangu yote, "Senge, tafadhali, wewe nisaidie tu visahani viwe safi." Ulinitazama. Ukasema, "Sawa, Daktari." Ukaenda.

Miezi miwili baadaye wakaguzi wa mradi walitaka maelezo. Mkuu aliniambia wazi kwamba "hatujui" si jibu, kwamba mradi usiokuwa na sababu ya kushindwa unafungwa, lakini wenye sababu unaweza kupewa msimu mwingine. Nilikaa mbele ya kompyuta mchana kutwa. Niliandika kuhusu aina za ngano, kuhusu mimea mama, kuhusu sukari na mwanga. Hivyo vyote tulikuwa tumeshavijaribu. Ukungu ndio ulibaki bila mwenyewe. Nikaandika kwamba sehemu kubwa ya hasara ilitokana na uchafu uliosababishwa na uoshaji duni wa vyombo. Jina lako sikuliandika. Halikuwa na haja ya kuandikwa, kwa sababu muoshaji alikuwa mmoja.

Sikuwa nimepima chombo hata kimoja. Ningeweza kuchukua visahani vitupu ulivyoviosha, niviwekee jeli, nione kama vinaota kitu. Ni kazi ya siku tano. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaifanya. Sikuifanya, na nikaweka sahihi.

Ulinikuta kwenye korido siku hiyo. Uliniuliza, "Umeandika nini kwa ile ripoti?" Watu walikuwa wameanza kunong'ona. Nikakujibu, "Ni mambo ya ofisi tu." Mwezi uliofuata mkataba wako haukuongezwa. Ulikuwa umebakiza muda mfupi ustaafu kama watu wengine, na keki, na picha, na hotuba ya mkuu. Badala yake ulikunja dasti koti yako ya kazi, ukaiacha juu ya sinki, ukaondoka saa nne asubuhi. Mimi nilikuwa ndani ya chumba cha taa. Nilikuona kupitia kioo cha mlango na sikufungua.

Krismasi tulikutana nyumbani Bungoma. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali, nimeyapangia majibu njia nzima. Hukusema neno kali. Uliniuliza kama nimepunguza uzito. Ulinipakulia mwenyewe. Tulipobaki wawili jikoni uliniuliza, "Friji mmetengeneza?"

Nikasema, "Haikuwa na shida."

Ukasema, "Haya," ukaniongezea ugali.

Ningefurahi kama ungenitukana. Mpaka leo nakasirikia ule ugali, ingawa najua ni upuuzi kumkasirikia mtu kwa sababu alikulisha.

Januari, Jumapili moja, nilitoka kanisani hapa mjini nikakumbuka nimeacha miwani yangu ya kusomea maabara. Nilipofika, jengo lilikuwa kimya kupita kawaida. Unajua ile sauti ya chini ya mashine ambayo hatuisikii mpaka ikosekane. Niliingia chumba cha baridi, taa haikuwaka. Nikafungua friji. Joto la ndani lilikuwa kama la kabati la nguo. Karatasi zilizofunga masuke zilikuwa zinatoa jasho, na harufu ilikuwa ya majani yaliyokaa ndani ya gunia. Chini kulikuwa na maji yamefika karibu na mlango.

Nilikwenda langoni. Mzee Ekiru, yule mlinzi wetu anayekaa Kipsongo, alikuwa anakunywa chai kwenye kifuniko cha chupa yake. Nilimuuliza umeme umekatika tangu lini.

"Haujakatika. Nimezima."

"Umezima?"

"Upande huo nazimanga Ijumaa jioni. Nawasha Jumatatu asubuhi kabla nyinyi mkuje. Toka ile waya iungue."

Nilikumbuka kwa mbali habari za waya uliowahi kuungua Jumamosi moja. Ofisi ilitoa amri upande ule uzimwe wikendi mpaka fundi aje. Fundi hakuja, amri haikuondolewa, na sisi wenye masuke ndani ya friji hakuna aliyetuambia. Chumba cha taa kina laini yake tofauti, ndiyo maana hatukushtuka. Na kwa kuwa masuke hukaa kwenye baridi siku kumi, hakuna hata fungu moja lililoweza kukwepa Jumamosi na Jumapili.

Nilimuuliza kama kuna mtu yeyote wa maabara aliyejua.

"Yule mama wa kuosha alijua. Alikuja hapa akaniuliza, nikamwambia. Akasema ataambia daktari."

"Daktari gani?"

Mzee Ekiru alinitazama kama mtu anayetafuta namna ya kuwa na adabu. "Si ni wewe," akasema.

Senge, simu yangu ilikuwa mkononi. Namba yako ilikuwa ndani yake. Ilikuwa saa saba mchana, siku ya Jumapili, ungekuwa umetoka kanisani, umekaa. Kama ningekupigia pale pale langoni, barua hii isingekuwepo. Sikupiga. Nilijiambia nitakuja mwenyewe, na sitakuja mikono mitupu. Nilitaka nije na mche wa kijani, angalau picha yake kwenye simu, nikuwekee mbele yako nikwambie ulisema kweli na huu hapa ushahidi. Nilitaka kuomba msamaha kwa njia ya kitaalamu. Unaona nilivyokuwa mjinga? Ulikuwa umeshanipa ushahidi mara moja, ukiwa umeushika kwenye kitambaa, na nilikuwa nautafuta upya kana kwamba bila mimi kuuona haujawa ushahidi.

Nilivuta waya kutoka upande wa pili wa jengo nikaichomeka friji huko. Nilikuwa naenda kuiangalia Jumamosi na Jumapili. Nilikata masuke mapya, nikayachagua kwa vidole. Siku kumi za baridi. Vifuko vikaenda kwenye jeli. Wiki ya tano vidonge vikatokea, vingi kuliko nilivyowahi kuona, na karibu hakuna ukungu. Visahani vile vilikuwa bado ni vile ulivyoviosha wewe na kuvifunga kabla hujaondoka, Senge, safu nzima kabatini, na mwandiko wako wa tarehe kwenye kila kifurushi. Nilivihamisha vidonge kwenye jeli ya kuchipusha. Nikangoja. Binti yako Nelima alinitumia ujumbe mwezi wa tatu kwamba presha inakusumbua na kwamba unauliza kama niko salama. Nilijibu niko salama, nitakuja karibuni, nina habari njema naipika.

Ulianguka shambani Jumatano, wakati wa kupanda mahindi. Nelima alisema ulikuwa umebakiza mistari miwili.

Kwenye mazishi mchungaji aliuliza kama kuna mtu kutoka kazini kwa mama. Nilikuwa peke yangu. Nilisimama mbele ya watu wote wale, mbele ya baba yangu, na maneno yalikuwa yamenijaa mdomoni, na nikasema ulikuwa mchapakazi, mcheshi, na uliwahi kazini kila siku. Watu wakasema amina. Nikakaa. Niliogopa, Senge. Sina neno lingine la kupaka juu yake.

Siku tisa baada ya kukuzika nilifungua chumba cha taa nikaona kijani.

Haikuwa mingi. Miche kumi na mmoja, yote kutoka aina moja ya ngano. Aina ile nyingine niliyoitegemea zaidi ilitoa weupe kama zamani, friji ikiwa inafanya kazi usiku na mchana. Kwa hiyo siwezi hata kusema friji ilikuwa kila kitu. Kuna aina zisizotaka, kuna mambo ya mmea mama, kuna mambo ambayo hakuna mtu duniani anayeyajua bado. Hilo nalo linanichosha. Nilitaka kosa lako liwe sifuri na langu liwe mia, nipate angalau hesabu safi, na kazi hii hainipi hesabu safi hata ninapoomba kuhukumiwa. Lakini ukungu najua ulitoka wapi: kwenye masuke yaliyotoa jasho ndani ya friji iliyozimwa, si kwenye vyombo vyako. Nilifanya ile kazi ya siku tano. Nilichukua visahani ishirini vitupu kutoka kwenye kabati lako, nikavimwagia jeli, nikavifunika, nikavitazama. Havikuota chochote. Nilivitazama tena wiki ya pili. Vilikuwa safi kama maji ya kisima kipya.

Ndipo nilipoanza kwenda kwa mkuu. Mara ya kwanza alisema nifikirie sifa ya maabara. Mara ya pili alisema niandike mambo ya friji kwenye ripoti mpya bila kugusa ya zamani, nikaandika, nikaweka na jina lako kati ya watu waliofanya kazi. Ripoti iliporudi kwangu nitie sahihi, aya ya friji ilikuwa imegeuka "changamoto za umeme" na jina lako halikuwepo. Nilikataa kutia sahihi. Nimepewa barua ya kujieleza kwa nini nachelewesha kazi. Mara ya tatu nimeshakwambia. Sijui watanifanya nini, na mwezi huu kwa kweli sijali sana. Miche tisa kati ya ile kumi na mmoja imekubali udongo. Mmoja umeanza kutoa machipukizi ya pembeni. Naimwagilia mwenyewe.

Jumamosi nilikwenda Bungoma kwa Nelima. Sikutaka asome haya kwenye simu ya mtu mwingine kabla hajayasikia kwangu. Alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo. Nilimweleza yote kuanzia mwanzo: friji, ripoti, dasti koti, mlango wa kioo ambao sikuufungua, mzee wa langoni, mazishi. Aliendelea kuchambua. Nilipomaliza aliuliza swali moja.

"Ulijua Januari?"

"Januari."

"Na mama alikufa Aprili. Mbona hukupiga simu?"

"Nilikuwa nangoja miche iwe ya kijani."

Aliweka ungo chini. Hakupandisha sauti. Angepandisha ningejua la kufanya.

"Mama hakuwa anangoja ngano," akasema.

Akaingia ndani. Nilikaa pale kwenye kiti chako mpaka jua likaanza kunifikia miguuni, kisha nikachukua ungo nikamalizia maharagwe, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

Senge, vyombo vyako vilikuwa safi. Friji ilikuwa inazimwa, uliniambia, na nilikunyamazisha. Aliyeandika ile sentensi ni mimi, kwa akili zangu timamu, mchana kweupe. Pumzika. Sikuombi unijibu.

Mtoto wa kaka yako,
Nasimiyu